Nimeombwa kutoa ushuhuda wa moto uliokwisha kuzimika

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 38, mzaliwa wa hapahapa Unguja ingawa wazazi wangu asili yao ni bara. Nafanya kazi katika hoteli moja ya kitalii pwani ya kaskazini, upande wa usafi wa vyumba. Safu yako naisoma siku nyingi, sikutegemea kama ipo siku nitakuandikia. Naomba jina langu lisitoke, maana Wakristo wa hapa ni wachache na tunajuana.

Mwezi wa Agosti jumuiya zetu za kanisani zilikwenda mafungo ya sala ya siku nne Bagamoyo. Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha tukachukua basi. Sijui nikueleze vipi yaliyonipata kule. Usiku wa tatu tulikesha mbele ya Ekaristi Takatifu, na mnamo saa nane nikahisi kama mtu amenitua mzigo nilioubeba tangu utotoni. Nililia hadi kitenge kikalowa, na hakikuwa kilio cha huzuni. Asubuhi nilishuka pwani, bahari ileile ninayoiona kila siku ya Mungu, nikaiona kama imeumbwa usiku ule. Nikaweka ahadi mbele ya Mungu: sala ya asubuhi kila siku kabla ya kazi, rozari kila usiku, kufunga kila Ijumaa, na kuitumikia jumuiya bila kulalamika.

Miezi miwili nilikuwa moto kwelikweli. Kazini natandika vitanda huku naimba. Mume wangu alishangaa, hata ugomvi wetu wa pesa ulipungua. Jumuiya ikanichagua mwenyekiti mwezi wa Septemba.

Halafu mwishoni mwa Oktoba ukaingia ukavu. Hakuna siku ninayoweza kusema ndiyo hii. Nikisali maneno yanatoka, lakini ni kama nasoma risiti. Rozari nasinzia nayo mkononi. Msimu wa wageni umepamba moto, likizo zote zimefungwa, naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari ya wafanyakazi na kurudi saa mbili usiku. Sala ya asubuhi nimeiacha tangu Novemba. Najiambia ni uchovu, lakini Agosti nilikuwa nachoka vilevile na bado nilisali.

Nilitegemea Majilio, zile Dominika nne za kungoja Noeli, yaniinue. Jumamosi tarehe 29 Novemba nilirudi kutoka kazini na matawi ya mvinje niliyoyakata pwani, nikafunga taji la Majilio, lile la mishumaa minne, juu ya sinia la bati. Mishumaa ya zambarau niliikosa Darajani nzima, nikanunua minne myeupe ya pakiti nikaizungushia ribini, mitatu zambarau na mmoja waridi. Dominika ya kwanza usiku tukakaa na watoto, nikawasha. Upepo wa kaskazi umeshaanza, na dirisha liko wazi kwa joto. Mshumaa ukazimika. Nikawasha, ukazimika. Mara ya tatu mwanangu mdogo akacheka, akasema, "Mama, Yesu hataki kuja." Alikuwa anatania, ana miaka sita. Mimi nilikwenda chumbani nikalia.

Kazini mti wa Noeli umesimama mapokezi tangu katikati ya Novemba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufunga zawadi za kuwekwa chini yake. Si zawadi, Mama. Ni maboksi matupu ya sabuni na shampuu. Unayafunga kwa karatasi ya dhahabu, unatia utepe, wageni wanapiga picha. Nilifunga kama thelathini. La mwisho nililishika mkononi, jepesi, zuri, nikajiona mimi mwenyewe ninavyosimama mbele ya jumuiya.

Jambo jingine linanitia haya. Jirani yangu, bi mmoja mtu mzima ambaye kila Ramadhani hutuletea futari, aliliona taji akaniuliza, "Na huu ndio mwezi wenu? Mnafunga?" Nikamweleza kidogo. Akaniambia, "Basi Mungu akupokelee." Sikuweza kumtazama usoni. Yeye mwezi wa Machi alifunga na umri wake ule na jua lile, na kila alfajiri nilipokuwa natoka kwenda kazini taa yake ilikuwa inawaka. Mimi wiki moja tu ya Majilio imenishinda.

Tarehe 19 mwezi huu itatimia miaka miwili tangu mama yangu afariki. Yeye ndiye aliyekuwa akitufungia taji hilo la mvinje tulipokuwa wadogo, lakini hilo la msiba nimeshalizoea.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Kama mwenyekiti natakiwa kuongoza Novena ya Noeli kuanzia tarehe 16, nyumba kwa nyumba, siku zote tisa. Na Dominika ya tarehe 21 nimeombwa nisimame mbele ya wenzangu wote nitoe ushuhuda wa yale Mungu aliyonitendea Bagamoyo, "ili uwashe na wengine," ndivyo walivyoniambia. Nitasema nini? Nikisema nilivyokuwa Agosti nikanyamazia nilivyo sasa, huo ni uongo, tena kanisani. Nikijiuzulu, watauliza kuna nini, na maneno ya watu wetu unayajua. Na kuna usiku najiuliza: labda Bagamoyo hakukuwa na Mungu yeyote, zilikuwa hisia zangu tu na usingizi na nyimbo. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Na siku ya Noeli yenyewe nimepangwa zamu ya asubuhi.

Naomba unisaidie, Mama.

Mshumaa Uliozimika, Unguja


MAJIBU

Marahaba mwanangu. Milele amina.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama jikoni, mara ya pili nikavuta kiti. Acha nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekusikia sawa. Agosti ulipewa furaha kubwa ambayo hukuitafuta. Ikakaa miezi miwili, ikaondoka bila kuaga. Umebaki na kazi ulizozipokea wakati wa furaha ile: uenyekiti, novena, ahadi nne mbele ya Mungu, na sasa ushuhuda. Unaona unatakiwa kulipa deni kwa fedha ambazo hazimo tena mfukoni. Na chini ya yote hayo pana hofu kwamba hata zile za Agosti zilikuwa bandia.

Nianze na sentensi uliyoipitia haraka kuliko zote. Umeeleza maboksi ya hotelini kwa mistari mingi, umeeleza upepo na ribini, halafu kifo cha mama yako ukakiandika kwa mistari miwili na kumalizia "nimeshalizoea." Mwanangu, ni kweli umelizoea? Mama ndiye aliyefunga taji la mvinje. Wewe umekwenda pwani ukakata mvinje uleule, ukafunga kwa mikono yako, ukawasha, na mshumaa ulipozimika ukaenda kulia chumbani. Mtoto alitaja jina la Yesu, lakini mimi najiuliza ulikuwa unamlilia nani. Huenda nimekosea, wewe ndiye unayejijua. Ila nimeona kwa watu wengi kwamba Desemba inayobeba msiba haimwachii mtu nafasi kubwa ya kushangilia, hata kama kichwani ameshajiambia yamekwisha. Ukavu wa sala na huzuni ya kufiwa huja na sura moja, ni vigumu kuzitofautisha ukiwa peke yako usiku.

La pili ni usingizi. Unaamka saa kumi, unarudi saa mbili, bado chakula, watoto, nguo za kesho. Ukilala saa nne na nusu umebahatika. Unasema Agosti pia ulikuwa unachoka. Ndiyo, lakini Agosti ulipata siku nne ambazo hukutandika kitanda cha mtu hata kimoja, mtu mwingine akakupikia, na bahari ukaiangalia kwa nafasi. Sisemi furaha ile ilitokana na mapumziko. Nasema mwili nao ulikuwepo Bagamoyo, na mwili huohuo ndio unaosinzia na rozari leo.

Mkumbuke Eliya. Katika sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza anaomba, moto unashuka mlima Karmeli mbele ya taifa zima. Ukifungua sura ya 19 amelala chini ya mti jangwani anamwomba Mungu amwondolee roho yake. Kati ya moto ule na mti ule hakuna miaka, ni siku chache tu. Na malaika aliyetumwa hakumhubiria, wala hakumuuliza imani yako ya juzi imekwenda wapi. Alimgusa akamwambia aamke ale. Kulikuwa na mkate juu ya makaa na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena akala. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, baada ya siku arobaini za kutembea. Napenda sana kwamba Biblia haikuona aibu kuandika habari ya chakula na usingizi mahali pale.

Sasa nije kwa jirani yako, maana hapo pia nataka tutazame vizuri. Unajilinganisha naye unajiona mdogo. Uthabiti wake ni wa kweli na unastahili heshima, sipunguzi hata chembe. Lakini angalia mji huu wakati wa Ramadhani. Saa za kazi hubadilika, mikahawa hufungwa mchana, Darajani jioni huwa na harufu ya vitu vya kufuturia, misikiti hujaa kwa tarawehe. Mtaa mzima humshika mkono mtu anayefunga. Majilio yako wewe hapa Unguja hayana mtaa. Gari ya wafanyakazi haijui kama ni Dominika ya pili. Kazini mti umepambwa na nyimbo za Noeli zinapigwa kwa ajili ya wageni wakati wewe bado uko kwenye kusubiri. Unaogelea bila mkondo wa kukusukuma, na bado umekwenda kutafuta ribini ya zambarau. Hilo usilidharau. Na siku moja, mkiwa wawili barazani, muulize bi huyo kama kila siku ya mfungo wake huwa tamu. Sijui atakujibu nini. Lakini mtu aliyefunga Ramadhani nyingi ana mengi ya kumwambia mwenzake kuhusu siku ya kumi na saba, wakati shamrashamra za mwanzo zimepoa na Idi bado iko mbali.

Nikuulize jambo kuhusu Majilio yenyewe. Nani alikuambia ni majira ya kujisikia moto? Tazama Kanisa linavyofanya. Katika Dominika hizi nne Misa haina wimbo wa Utukufu, tunauweka kando hadi usiku wa Noeli. Rangi ni zambarau. Neno tunalolirudia ni "njoo," na mtu hasemi "njoo" kwa mgeni aliyekwisha kukaa sebuleni. Anayesema "njoo" ni yule ambaye kiti chake bado kitupu. Nimesoma barua yako nikaona umejilaumu kwa kuwa katika hali ambayo majira haya yamewekewa hasa.

Dominika hii ya tarehe 14, ile ya mshumaa wa waridi, tunasoma Mathayo sura ya 11. Yohane Mbatizaji yuko gerezani. Huyu ndiye aliyesimama mtoni Yordani, akambatiza Yesu, akamnyooshea kidole mbele ya watu. Kama kuna mtu aliyekuwa na "Bagamoyo" yake, ni yeye. Sasa yuko gizani, na anawatuma wanafunzi wake wakamuulize Yesu: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Ni swali lako lilelile la usiku. Je, nilichokiona mtoni kilikuwa kweli? Yesu hakumkemea. Aliwaambia waende wakamweleze Yohane wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Na walipoondoka ndipo akawageukia watu akamsifu Yohane kuliko wote waliozaliwa na wanawake. Alimsifu siku ileile Yohane aliyotuma swali la mashaka. Tena swali lenyewe halikubaki gerezani likimla moyo, lilipelekwa kwa mwenyewe.

Tarehe hiyohiyo 14 Desemba ni kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyefariki siku hiyo mwaka 1591. Mwaka 1577, mwezi wa Desemba, watawa wenzake walimkamata wakamfungia Toledo, Hispania, katika chumba kidogo kwa miezi kama tisa. Ni yeye aliyetuachia maneno "usiku wa giza" kwa ajili ya hali ambayo wanaosali wameijua siku zote. Sikutajii watakatifu ili ujione mdogo mbele yao. Nataka ujue tu kwamba njia unayoipita ina nyayo za watu.

Na kama Bagamoyo ilikuwa hisia tu? Hisia zilikuwepo, bila shaka, na usingizi mdogo, na nyimbo. Mungu akitaka kumgusa binadamu atamgusa wapi kama si hapohapo kwenye moyo na machozi yake? Lakini umenipa mwenyewe ushahidi mwingine, na hukuuona. Ugomvi wa pesa na mume wako ulipungua. Watu walikuona wakakuamini na uongozi. Mimi hayo nayatazama zaidi kuliko kitenge kilicholowa. Jiulize kama yote yameondoka pamoja na furaha, au kuna kilichobaki kimya. Bado unaogopa kusema uongo kanisani. Mtu ambaye imani yake imekufa hapotezi usingizi kwa sababu hiyo.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa Pamplona mwaka 1521 na kubadilika akiwa kitandani, alizichunguza sana hizi nyakati za faraja na za ukiwa, yaani moyo kukauka kama wako. Alisema ukiwa huweza kuja kwa sababu tatu: uzembe wetu wenyewe, au kujaribiwa ili tuonekane tutasimama vipi bila malipo ya utamu, au kufundishwa kwamba utamu ule ni zawadi na hatuwezi kuutengeneza. Wewe umeishika sababu ya kwanza tu ukajihukumu nayo. Huenda ina sehemu yake, sala ya asubuhi umeiacha, na hilo unalijua. Je, umezipa nafasi zile mbili nyingine? Ushauri wake mwingine unajulikana sana: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa faraja. Ni ushauri wa busara, ila nauweka mbele yako kwa tahadhari, kwa sababu sioni kama alikusudia mama anayepata usingizi wa saa tano na nusu tu avunjike mgongo.

Basi tuziangalie njia zilizo mbele yako.

Unaweza kujiuzulu. Utapumua, na hutakuwa na hofu ya kuigiza. Hatari yake ni kwamba utakuwa umefanya uamuzi wa muda mrefu katika wiki yako mbaya kuliko zote, na utajiondoa kwa watu walewale ambao wangeweza kukusalia wakati wewe huwezi. Ukikaa nyumbani jioni tisa hizo na mshumaa wako, sijui kama utakuwa mwepesi zaidi. Labda utakuwa. Wapo waliopumzika kwa heri wakarudi wazima.

Unaweza kuendelea kama hakuna kitu. Hapo naogopa kidogo, kwa sababu barua yako inaonyesha tayari unabeba watu wawili, yule wa jumuiya na yule wa chumbani. Lakini tutofautishe kuigiza na kutumika. Ukisoma sala ya novena kwa sauti nyumbani kwa mwenzako, hujatangaza kwamba unahisi chochote. Umeazima kinywa chako kwa sala ya Kanisa, na bibi aliyekaa pale kwenye jamvi anaitikia amina yake ya kweli. Ukipata nafasi mjini, ingia kanisa kuu la Waanglikana Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Noeli mwaka huohuo. Upande wa nyuma kuna nguzo za marumaru ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati Askofu Steere hayupo. Ziliachwa hivyo. Mimi hupenda kukaa karibu nazo.

Unaweza kugawana mzigo. Siku ni tisa, na nyumba ni nyingi. Chukua mbili au tatu ambazo zamu zako zinaruhusu, nyingine waongoze wenye nyumba. Sababu unayo ya wazi, ni msimu wa kazi, na si uongo. Watakaoongea wataongea. Hatari ninayoiona hapa ni nyingine: unaweza kujificha nyuma ya zamu za kazi, asiwepo hata mtu mmoja anayejua hali yako halisi. Ndiyo maana ningetamani, kwa njia yoyote utakayochagua, mtu mmoja ajue. Mume wako anajua? Umeandika alivyoshangaa ulipobadilika Agosti, hukuandika amesema nini sasa.

Kuhusu ushuhuda, unaona milango miwili tu, uongo au kukimbia. Mbona kuna wa tatu: kusema Agosti ilivyokuwa na Desemba ilivyo. Nadhani katika wale watakaokaa kwenye mabenchi tarehe 21 kuna wengi waliofunga maboksi yao wenyewe kwa karatasi ya dhahabu, na wangeshukuru. Lakini sikusukumi. Jeraha bichi halifunguliwi mbele ya kila mtu. Pengine atatokea mwenye haraka ya kukuombea kwa kelele au kukutafutia dhambi iliyojificha, na hilo linaweza kukuumiza zaidi. Kuomba ushuhuda usogezwe hadi Januari nako si kukimbia. Zungumza kwanza na paroko wako, uone moyo unakaaje baada ya kusikilizwa.

Ukienda kwake, mpelekee na zile ahadi nne. Naomba unisamehe nikiuliza: ni Mungu aliyezidai zote, au ni furaha ya asubuhi ile iliyokuwa karimu? Kama zilikuwa nadhiri hasa au azimio la moyo, yeye atakusaidia kupambanua, na sheria ya Kanisa inampa paroko uwezo wa kumwondolea muumini nadhiri binafsi panapokuwa na sababu ya haki. Huenda dakika tano za zaburi ndani ya gari ya wafanyakazi, kabla jua halijatoka, zikawa ndizo sala yako ya Majilio haya. Kitubio nacho kipo, kama una jambo mahususi linalokusumbua, ila usiende kutubu uchovu kana kwamba ni dhambi.

Na hili nalisema kama mama. Ikiwa mbali na sala umepoteza hamu ya chakula, usingizi hauji hata ukipata nafasi, huoni raha kwa watoto, au yanakujia mawazo kwamba bora usiwepo, usingoje Noeli. Nenda kituo cha afya uonane na daktari, mweleze yote na msiba pia. Sonona ni ugonjwa, inatibika, na haipimi imani ya mtu. Hukuandika dalili hizo, lakini barua haisemi kila kitu.

Zamu ya Noeli asubuhi isikuvunje moyo, Misa ya mkesha wa tarehe 24 ni Misa ya Noeli kamili. Ukiwa na mwenzako Muislamu pale kazini, mwombe mapema, huenda akabadilishana nawe na wewe ukamfidia siku ya Idi. Watu wa hapa wanafanyiana hayo.

Tarehe 19 mwaka huu ni Ijumaa. Ukiamka ile saa kumi, kabla ya gari, sogeza sinia la mvinje mbali na dirisha uwashe mshumaa mmoja kwa ajili ya mama, hata usiposema neno. Jioni ya siku hiyo, katika masifu, yaani sala ya jioni, Kanisa huimba antifona, wimbo mfupi, ya "Ee Shina la Yese," linamwomba Kristo aje kutuokoa na asikawie tena. Wakati huo utakuwa njiani unarudi. Niandikie baada ya Noeli, mwanangu, hata mistari miwili.

Mama Mshauri